Nikateni, Ila Msinifunge

Kwa miaka kumi na tisa alipiga pasi mashuka katika chumba cha nyuma cha dobi, na wenzake wakambandika jina la Mama Pasi. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina, basi angalau pasi ilimpa. Mwenyewe ndivyo alivyotania, wenzake wakacheka, naye akageuza shuka upande wa pili.

Uvimbe aliugundua bafuni, titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi kavu. Miezi minne ya vipimo ilimchosha kuliko ugonjwa wenyewe: simama hapa, inua mkono, subiri nje, rudi Alhamisi. Mwishowe daktari wa upasuaji, kijana mwenye sauti ya taratibu, alimwambia kwamba titi lote litatolewa. Mama Pasi akaitikia kwa kichwa bila kuuliza neno. Daktari akadhani amepata mgonjwa jasiri. Kumbe hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa amechoka tu.

Alilazwa siku moja kabla ya upasuaji. Asubuhi hiyo muuguzi wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliketi ukingoni mwa kitanda kumweleza yatakayofuata. Alieleza habari za dripu na za mpira mwembamba wa kutolea maji ya kidonda. Mama Pasi alikuwa akiitika "ehe, ehe," macho yakiwa dirishani.

"Ukitoka huko tutakufunga bendeji kifuani, ya kubana vizuri, siku mbili tatu hivi."

Pumzi ikamkatika. Mikono ilikwenda kifuani yenyewe.

"Hapana," alisema. "Nikateni. Kateni mnavyotaka. Ila msinifunge."

"Mama, haiumi, ni kitambaa tu cha..."

"Nimesema msinifunge! Mkinifunga naondoka sasa hivi, na gauni lenu hili hili!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alivuta shuka hadi puani akajifanya amelala fofofo. Muuguzi alifunga faili lake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikufunga, dada yangu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Labda ndiyo sababu alijibu.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita alijifungua mtoto wa kike. Mtoto aliishi saa tatu, na katika saa hizo tatu yeye mwenyewe alikuwa hana fahamu. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshachukuliwa. Siku ya tatu maziwa yakaja, mengi, yakilowesha kila nguo. Mama yake mzazi, aliyempenda na ambaye hakujua njia nyingine, alimfunga kifua kwa vitambaa viwili maziwa yapate kukauka, akakanyaga mgongo wake kwa mguu mmoja ili fundo likaze. "Usilie," alimwambia. "Ukilia yanaongezeka." Alikaa amefungwa siku tisa. Hakulia. Alipofunguliwa, watu walikuwa wakizungumza mambo mengine, na vinguo vya mtoto vilikuwa vimeshagawiwa.

"Titi hili ndilo lililokuwa likivuja zaidi," alisema. "Nafikiri yale maziwa yaligandia humu yakaoza. Nafikiri ndiyo haya."

"Siyo." Muuguzi alivua miwani. "Maziwa hayageuki saratani. Nimewauguza wenye watoto saba na wasio na hata mmoja. Hukukosea kitu, wala mama yako hakukutia ugonjwa."

Mama Pasi alitamani kuamini, lakini hata kuamini kunataka nguvu. Aliyaweka maneno hayo kando, ya kuja kuyatazama baadaye.

Mchana daktari alikuja mwenyewe, akavuta kiti. Hawatamfunga. Kidonda kitafunikwa kwa bendeji nyepesi ya kubandika, na juu yake atavaa fulana ya vifungo vya mbele. Damu ikitoka nyingi wakalazimika kumbana, muuguzi atamwambia kwanza.

"Na ukisema fungueni, tutafungua," alisema.

Alipozinduka kesho yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta pumzi. Ikaingia mpaka chini. Aligusa vifungo vya fulana, kimoja kimoja, kisha akagusa mahali palipobaki bapa. Machozi yakaanza kutoka, hayana kwikwi wala sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, mumewe alikuja. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Aliketi, akauliza kama maumivu yamepungua, akauliza tena lile lile.

"Baba," alisema mkewe, "yule mtoto ulimzika wapi?"

"Nilidhani hutaki kusikia."

"Na mimi nilidhani hutaki kusema."

"Kando ya kaburi la bibi. Nilichimba mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tii. Na sikio moja limejikunja juu, kama hili langu."

Akageuza kichwa amwonyeshe. Mama Pasi alilitazama lile sikio aliloishi nalo karibu miaka ishirini na mitano, akalitazama mpaka kope zikawa nzito.

Baada ya wiki tatu majibu yalitoka: ugonjwa haukuwa umesambaa. Dawa zilibaki, na mkono wa kushoto ulikataa kupanda juu ya bega. Kila Jumanne alikwenda kuketi na mshauri nasaha wa hospitali katika chumba kidogo karibu na famasi. Siku nyingine alizungumza mpaka muda ukaisha. Siku nyingine alisema tu, "Leo nimechoka," na mshauri hakumuuliza kitu, wakakaa pamoja tu.