Mbuzi Asiyepita Mlangoni

Mbuzi wao alikuwa na viatu vinne na haraka nyingi. Kazi yake ilikuwa kupita vyumba vyote vya jumba moja, mlango baada ya mlango, afike nyumbani kabla mvua haijanyesha. Waliomzaa ni watoto watatu waliokuwa wakitengeneza mchezo kwenye kompyuta ya mjomba wa wawili wao, katika kona ya duka lake la fotokopi, saa za jioni wateja wakipungua.

Walikuwa wamegawana kazi. Kipenseli, aliyekuwa darasa la pili, alichora kwenye karatasi zilizoharibika upande mmoja, na mjomba akaziingiza picha kwenye kompyuta kwa mashine yake. Redio, mtoto wa jirani ambaye mdomo wake haukujua likizo, alitoa sauti zote: kwato, radi, mlango mbovu. Dada yake Kipenseli, waliyemwita Fundi, ndiye aliyepanga amri. Alivuta vipande vya rangi, kila kimoja na amri yake, kwenye kioo cha kompyuta akavipachika kimoja chini ya kingine: mshale ukibonyezwa, mbuzi aende, akigusa ukuta, asimame.

"Mabosi," mjomba aliwaambia kila mteja alipoingia, "sogezeni kiwanda chenu, watu wanataka fotokopi."

Siku moja Kipenseli alimpeleka mbuzi ukutani, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mlango mmeuhamisha?"

"Uko palepale, kipofu wewe," Redio akasema huku akicheka.

Fundi alimkanyaga Redio mguu chini ya meza. Wiki hiyohiyo mama yao alikuwa amemwita Fundi jikoni na kufunga mlango. Daktari wa macho amesema hakuna miwani wala dawa, mama alimwambia. Macho ya mdogo wako yataendelea kufifia. "Wewe ndiye mkubwa, msaidie mwenzio. Ila usimwambie. Bado nazungumza na Mungu."

Msaidie. Fundi alilala na neno hilo na kuamka nalo. Atamsaidiaje? Hakuwa daktari, wala hakujua namna ya kuzungumza na Mungu kwa muda mrefu kama mama. Alichojua ni kwamba ndani ya mchezo kila kiumbe kina namba ya ukubwa wake, na namba hiyo hubadilishwa na yeyote mwenye kipanya mkononi. Kipenseli alipokwenda chooni, akaiongeza.

"Ah, huyu hapa," Kipenseli alisema aliporudi, akamvusha mbuzi mlangoni bila kusita. Fundi alijisikia kama mtu aliyeinua gunia peke yake.

Basi akaendelea. Mbuzi aliponenepa alikwama milangoni, kwa hiyo Fundi akapanua milango. Milango ikala kuta, vyumba vikapungua. Redio aliligundua jambo hilo mapema, akaapishwa nyuma ya duka asiseme.

"Fundi, mbuzi amekuwa ng'ombe."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu amekuwa ng'ombe."

Kitu ambacho Fundi hakukiwazia kilitokea nyumbani, wakiwa mezani. Kipenseli aliweka kijiko chini. "Mama, macho yangu yanapona. Zamani mbuzi alikuwa ananipotea. Sasa namwona mpaka kamba za viatu."

Mama akasimama. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia arudie, naye akarudia. Kisha mama akacheka, akalia, akampigia simu bibi na kumwambia wamesikilizwa. Fundi alitazama sahani yake. Nitasema kesho, aliwaza. Kesho yake mama alifua akiimba, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aitwe na daktari. Nani angeukatiza wimbo ule?

"Leo nikitoka kazini napita dukani," mama alisema asubuhi moja. "Na mimi nimwone huyo mbuzi."

Shuleni siku hiyo Fundi hakusikia somo hata moja.

Mama aliingia dukani akiwa bado na aproni ya saluni, ananukia mafuta ya nywele. Kipenseli alimvuta mkono mpaka mbele ya kompyuta. Mbuzi alikuwa amejaa kioo kizima, pembe zimekatwa juu, kwato zimekatwa chini. Pembeni ulibaki ukanda mwembamba wa mlango.

"Umemwona, mama? Mimi namwona vizuri kabisa."

"Nimemwona, baba," mama akasema. Halafu akamtazama Fundi, na Fundi akaona furaha ikimtoka mama usoni taratibu, wala hakuwa na la kuizuia.

Kipenseli alibonyeza mshale. "Mbona haendi?"

Mjomba alinyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Nilimkuza," Fundi akasema.

"Nani?"

"Mbuzi. Nilikuwa namkuza ili umwone."

Kipenseli alifikiri. "Tangu lini?"

"Tangu ulipouliza kama tumehamisha mlango."

"Baba, njoo hapa kwangu," mama akasema. Kipenseli hakwenda.

"Mrudishe," alimwambia dada yake.

"Tumwache tu, tutatengeneza mwingine."

"Huyu ni wangu, nilimchora mimi. Mrudishe."

Fundi alimtazama mama, lakini mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya aproni. Fundi akapunguza namba.

"Hapa?"

"Namwona."

"Na hapa?"

"Namwona." Kipenseli alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo. Fundi akapunguza tena. "Hapa naona pembe," Kipenseli alisema. "Ndivyo nilivyomchora?"

Fundi angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa tayari ulimini.

"Bado," Fundi akasema.

"Endelea basi."

Akaendelea mpaka namba ya kwanza, akairudisha na milango ilivyokuwa. Mbuzi mdogo mwenye viatu vinne alisimama mlangoni kwake, nafasi ikimzunguka pande zote. Fundi akabonyeza mshale, naye akapita bila kugusa popote.

Kipenseli alikuwa akitazama upande mwingine wa kioo, amekunja uso kama mtu anayesikiliza.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita," Fundi akasema. Mkono wake ulibaki juu ya kipanya, maana hakujua auweke wapi.