Mellen Kwenye Ramani ya Mjerumani

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi 2023, mke wangu Mellen alianza kutoka damu, na mimba ilikuwa ya miezi saba. Nyumba yetu iko karibu na kalivati inayogawa lokesheni mbili. Nikampigia Kerosi, mwenyekiti wa kamati ya gari la wagonjwa la upande wa juu.

"Werema, wewe uko ng'ambo ya kalivati," akasema. "Piga huko kwenu."

Nikapigia kamati ya huko. Wakaniambia mimi ni mtu wa Kerosi. Basi nikampakia mke wangu kwa boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, tukaenda kutafuta hospitali Homa Bay. Tulipofika Asumbi alikuwa ameshalegea mikononi mwangu. Kerosi alikuja matangani, akakaa kiti cha mbele, akaongezwa nyama.

Mimi huchora mabango ya maduka pale Suna. Shule niliachia darasa la tano. Mwaka huu mwalimu Dorah, mgeni katika shule ya sekondari ya hapa kwetu, akaniita nichore ramani kwa ukuta. Klabu yake ya historia ilikuwa imetunga dunia ambayo Mjerumani alishinda vita vya dunia, akatawala kuanzia Ulaya mpaka mwisho wa Asia.

"Mjerumani namjua," nikamwambia. "Alikata boma la babu yangu, nusu kwake, nusu kwa Mwingereza."

"Sasa mpe zote, fundi," akacheka. "Lakini usinipeleke huko mpakani Sirari. Ramani inaishia Asia."

Nikapiga viboksi kwa uzi wa chaki, nikaanza kupaka. Majimbo waligawa wanafunzi wenyewe, wakayapa majina ya huko Urusi. Mmoja anapiga kelele, "Volga iwe kubwa!" Mwingine, "Peleka mpaka mtoni!" Hakuna aliyeuliza wanaokaa hapo watasemaje. Nikajisemea, hata hawa wakubwa wetu ni hivyo tu: mtu amekaa kivulini anapiga mstari, mwingine anakuja kufia juu yake.

Halafu Dorah akanitajia mgeni rasmi wa siku ya kuzindua ramani: Mwenyekiti Kerosi. Moyo wangu ulifurahi, nisidanganye mtu.

Katikati ya Jimbo la Volga na Jimbo la Urali nikaacha mahali peupe, pa kutosha kiganja.

"Hapa uliishiwa rangi?" Dorah akauliza.

"Hapana, mwalimu. Hapo Volga inasema ni pa Urali, Urali inasema ni pa Volga."

Akaniangalia. "Ramani za kweli pia ziko na hiyo. Paandike jina basi."

Nikapaandika kwa nyekundu: MELLEN.

Katika hiyo shule, mgeni rasmi hupewa fimbo, asome ukutani huku wanafunzi wakirudia kila neno. Hiyo desturi ndiyo niliingojea. Kerosi alikuja na koti jipya, akashika fimbo, akakohoa kidogo.

"Jimbo la Volga!"

"Jimbo la Volga!" shule nzima ikaitikia.

"Mellen!"

"Mellen!"

Fimbo ikasimama. Akaanza kunitafuta kwa macho, nami nikasonga mbele na brashi yangu ili anione vizuri. Nilitaka aaibike mbele ya watu, vile mimi nililia mbele ya watu yeye akitafuna.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "hapa si mahali pa mambo hayo."

"Fundi, hapa si mahali pa mambo hayo!" wanafunzi wakarudia, wakidhani bado anasoma.

Wazazi wakaangua kicheko. Jasho likamtoka Kerosi mpaka kwenye kola. Mimi sikucheka.

"Mwenyekiti," nikasema, "mtu akiugua hapo peupe, gari litoke upande gani?"

Akamgeukia Dorah, akitaka aninyamazishe. Dorah akawatazama wanafunzi wake, akainua mkono kama mwenye kuongoza kwaya, nao wakapaza sauti mpaka mabati yakalia:

"Mtu akiugua hapo peupe, gari litoke upande gani?"