Mtoro wa Sura ya Mwisho

"Usisome hata ukurasa mmoja," mama alisema akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, huku muuguzi akimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji. "Unanisikia, Kasuku? Nikitoka huko nikukute palepale tulipoachia."

"Nimesikia, mama."

"Na yule mtoro akirudi nikiwa sipo, mwambie asubiri nje."

Muuguzi alicheka. Alidhani mtoro ni mume wa mtu, na kweli alikuwa mume wa mtu, ila wa kitabuni. Milango ikafunguka, ikapitisha kitanda, ikajifunga. Kasuku akabaki ukumbini amekumbatia mkoba wake, roho juu.

Jina hilo alipewa na mama tangu utotoni, kwa kuwa kila alichoambiwa alikirudia. Alipokua akawa mshairi, akatoa vitabu viwili vyembamba, na kwa muda watu wakalisahau lile la Kasuku. Lakini mashairi jamani hayajazi sufuria. Akaanza kutafsiri riwaya za Kihispania kwa Kiingereza, na mama akapiga makofi: "Si nilisema? Kasuku ni kasuku tu!"

Mashairi ya bintiye mama aliyasikiliza kwa heshima zote, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine. Kisha alisema, "Mazuri. Ila yanaisha kabla sijakaa vizuri." Hakuwahi kuomba hata moja lirudiwe. Kasuku alicheka kila mara, na kila mara lilimuuma.

Riwaya ndizo zilizompata mama. Kila jioni, alipokuwa akikunja nguo kwa ule unadhifu wa mshonaji mstaafu, Kasuku alimsimulia kurasa za siku hiyo kwa lugha ya nyumbani. Kihispania mkononi, Kiingereza kwenye kompyuta, lugha ya nyumbani mdomoni, na maharage yanaungua jikoni. Alikuwa pia na mtindo wake ambao wafasiri wenzake waliuona wazimu: hakusoma mbele. Aliufungua ukurasa siku ya kuutafsiri, si kabla.

"Nikiujua mwisho, nitauvujisha," alijitetea. "Msomaji atauona kwenye sentensi zangu."

Kitabu cha safari hii kilikuwa cha fundi wa piano aliyemuaga mkewe kwamba anavuka mlima kwenda kutengeneza piano moja ya hoteli, kisha kimya. Miaka ikapita. Mke akawa anakipangusa kiti cha mumewe kila asubuhi. Mama alimchukia bwana yule kana kwamba alikuwa mkwe wake wa kweli. "Piano gani hiyo isiyotengenezeka?" aliuliza kila jioni. "Ana mwanamke huko, mtoro mkubwa!" Lakini Kasuku akichelewa kuketi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Je, karudi?"

Ilikuwa imebaki sura moja tu wakati moyo wa mama, ambao mlango wake mmoja ulikuwa haufungi vizuri tangu zamani, ulipokataa kuvumilia zaidi.

Sasa, Kasuku na usomi wake wote alikuwa amejitia jambo kichwani: maadamu hadithi haijaisha, mama hawezi kwenda popote. Hakumwambia mtu. Ni upuuzi, na alijua ni upuuzi, na bado aliukumbatia ule mkoba wenye kitabu kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Kaka yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akiwa bado na ovaroli yake ya ufundi wa majokofu. Akaketi, akasimama, akaketi.

"Walisema mpaka mchana watakuwa wamemaliza."

"Walisema."

"Na mchana umeshapita."

"Kaa chini, kaka. Unanizungusha kichwa."

Akakaa. Mara muuguzi mmoja akapita mbio, amebeba mifuko ya damu, na ile milango ikamfungukia na kujifunga. Hakuna aliyewaambia kitu. Kaka alikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hebu soma," alisema ghafla.

"Nini?"

"Hicho kitabu chenu. Soma mwisho wake."

"Nimemwahidi mama."

"Nitakutetea. Soma bwana, walau tujue moja! Hii ya kukaa hapa bila kujua lolote itaniua kabla yake."

Kasuku alimtazama. Huyu ndugu yake hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko maelezo ya friji, na macho yalikuwa yamemwiva. Pale ukumbini palikuwa na mambo mawili yasiyojulikana, na moja lilikuwa mkobani. Akakitoa kitabu. Kwa haraka akapitiliza kurasa, ikabidi arudi nyuma. Akasoma. Kaka hakuangalia kitabu, aliangalia uso wa dada yake, na alipoona machozi yanaanza kutelemka akainuka.

"Kafa?"

"Nani kafa?" aliuliza mzee mmoja wa benchi la pili, naye kashtuka.

"Karudi," alisema Kasuku, akipangusa pua. "Karudi, kaka. Kaingia ndani."

Kaka akajitupa kwenye kiti. "Mshenzi yule," alisema, na furaha imemjaa usoni. "Kumbe karudi!"

Wakacheka wote wawili, cheko la watu wasiolala. Kisha Kasuku akafunga kitabu. Hadithi ilikuwa imeisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeimaliza, kwa macho yake, na mama bado yuko nyuma ya ile milango. Nimefanya nini, alijiuliza. Nimefanya nini mimi?

Milango ikafunguka. Daktari mpasuaji alitoka akivua kofia, nywele zimemganda kwa jasho.

"Ninyi ndio watoto wake?"

Kaka aliitikia kwa kichwa.

"Ametutoa jasho mama yenu. Palikuwa pamechakaa kuliko tulivyodhani. Lakini tumeshaziba, na moyo unapiga vizuri. Mtamwona."

Kaka alimkumbatia daktari, na ovaroli yake ya grisi vilevile. Kasuku alitaka kusema asante, lakini akajikuta ameketi sakafuni akicheka peke yake, akilia, mpaka yule mzee wa benchi la pili akamletea maji.

Siku mama aliporuhusiwa kuongea, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepiga kelele uwanjani.

"Haya. Tulipoachia."

Kasuku alisogeza kiti, akafungua kitabu. Mama akamkazia macho.

"Umesoma."

"Mama..."

"Uso huo! Tangu mdogo hujui kuficha hata sukari uliyoilamba."

"Kaka ndiye aliyenishawishi."

"Nitamshughulikia nikipona." Akafumba macho. "Soma hivyohivyo. Ila taratibu, kama hujui."

Kasuku akasoma. Alisoma taratibu, kwa lugha ya nyumbani, mke akipangusa kiti, mvua ikinyesha, hatua ngazini. Akaifikia sentensi iliyomsumbua tangu siku ile. Kwa Kiingereza alikuwa ameijaribu kwa kila namna, na kila namna ilikuwa na neno lililozidi. Hapa hakuijaribu. Aliitoa tu, kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala.

"Akaingia kama mtu aliyerudi kuchukua mwavuli aliousahau. Na mwavuli ulikuwepo."

Mashine kando ya kitanda iliendelea na mlio wake. Mama hakumtukana mtoro. Kasuku akadhani usingizi umemchukua, akaanza kukifunga kitabu polepole.

"Rudia hapo," mama alisema.

Kasuku akarudia. Mama hakufumbua macho, lakini mkono wake uliokuwa na sindano ya dripu ulianza kutembea juu ya shuka, ukilinyoosha, kama alivyozoea kunyoosha kitambaa kizuri kabla ya kukikata.