Pazia la Dakika ya Hamsini na Mbili

Jumamosi saa nane na nusu mchana, mhudumu wa mlangoni aligawa miavuli kwa wote waliokuwa na tiketi za safu tatu za mbele, kwa sababu filamu ilikuwa na mvua. Mkunga mstaafu, ambaye wenzake humwita Sista, alisema hakutoka kwake kuja kuloa, akashukuru kwamba wao walikuwa safu ya saba.

Walikuwa marafiki watatu, wote wamevuka sitini, na kila mwezi walikuwa na siku yao ya kutoka. Mwezi uliopita walikwenda kwenye maonyesho ya maua, na mwalimu wa udereva, maarufu kwa jina la Breki, akalala kwenye benchi toka walipofika hadi walipoondoka. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa ya fundi cherehani. Alichagua filamu ya zamani, ya mwaka aliozaliwa, inayoonyeshwa huku okestra nzima ikipiga muziki wake pale pale mbele ya skrini.

"Mbona umejipamba kama unakwenda kuposwa?" Breki alimuuliza.

"Nimevaa tu."

Hakuwa amevaa tu. Wimbo mkuu wa filamu ile uliimbwa na mama yake. Nyota wa filamu alijaliwa sura, sauti akanyimwa, hivyo mama alisimamishwa nyuma ya pazia la sebule ya kwenye filamu akaimba, nyota akachezesha midomo. Kwenye orodha ya majina mwishoni, mwimbaji akaandikwa kuwa ni nyota huyo. Mama aliyasema hayo maisha yake yote, na ukoo mzima ulimwona anajikweza. Alipofariki, fundi aliwaandikia wenye filamu barua saba. Ya saba ilijibiwa kwamba suala lake lingeangaliwa kwenye toleo jipya, na toleo jipya ndilo hili. Alitaka kitu kimoja tu, kuliona jina la mama yake likipita pale juu.

Taa zikazimwa. Mvua iliponyesha, safu za mbele zilifungua miavuli na mpiga ngoma akaifunika ngoma yake kwa koti. Magari yalipofukuzana, Breki alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila kwenye kona, mpaka aliyeketi mbele yake akageuka kumtazama.

Dakika ya hamsini na mbili filamu ikafika sebuleni. Nyota alisimama kwenye ngazi, fidla zikaanza, akafungua mdomo. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, halafu pazia lenyewe likafunguka. Miaka yote mama alikuwa akiimba kufuata mashine, na leo alisikia watu wanapiga ala, akataka kuwaona. Alitoka mwanamke wa miaka ishirini na minne, kandambili miguuni, tumbo limetangulia.

"Punguza mwendo kidogo, kaka," alimwambia kiongozi wa okestra. "Nina mtu tumboni."

Kiongozi akapunguza. Nyota akafunga mdomo, akaketi kwenye ngazi na kuvua viatu vilivyokuwa vinambana.

"Huyo mtu ni wewe?" Breki alinong'ona.

"Ni mimi."

Sista aliinama mbele, akapima kwa macho. "Bado wiki tano. Umegeuka vizuri, kichwa chini."

Fundi alilia bila kujificha. Nyumbani mama aliimba chini chini akiwa anapika, na mtu akiingia jikoni alinyamaza. Kumbe sauti yote ilikuwa hivi, pana, haina haraka, inajaza ukumbi hadi kwenye taa za dari. Aliona fahari na aliona hasira, vyote kwa pamoja.

Wimbo ulipokwisha, mpiga tarumbeta alimpandishia chupa ya maji. Mama alikunywa, akashukuru, akarudi nyuma ya pazia kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa, lakini akaliacha wazi. Kila filamu iliporudi sebuleni, watu walimwona ameketi juu ya kreti, anajipepea kwa karatasi.

Mwishoni orodha ilipita. Fundi aliisoma yote, mpaka aliyelisha farasi. Mwimbaji alikuwa bado ni nyota yule yule. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi.

Meneja wa ukumbi, mtu mwenye adabu zake, aliwapokea watatu hao ofisini na kuwavutia viti.

"Nimemwona, mama. Nani hakumwona? Ana sauti."

"Basi mwandikeni."

"Orodha imeshafungwa, haiguswi." Akafungua daftari la matengenezo. "Shida yangu ni lile pazia. Onyesho la saa kumi na mbili lina wageni wakubwa, na gundi haishiki kwenye skrini. Linataka kushonwa. Hamumjui fundi wa karibu?"

Breki alisimama. "Tusikanyage hapa tena. Twendeni."

Lakini fundi alikuwa akiwaza. Akiondoka, ataitwa mwingine, naye atapiga uzi wa mkonge na mafundo matatu. Akasema kazi hiyo ataifanya yeye.

Walimwekea ngazi mbele ya skrini. Alipanda, akajipenyeza sebuleni, akalifikia pazia. Mama yake alikuwa bado kwenye kreti, miguu imevimba. Alipomwona mtu mzima amesimama mbele yake, alijaribu kunyanyuka amwamkie.

"Shikamoo, mama."

Fundi alimshika bega kumzuia. "Marahaba, mwanangu. Kaa, usijisumbue."

"Wamekutuma ufunge?"

"Wamenituma."

"Funga tu. Nimezoea."

"Wimbo umeuimba vizuri sana," fundi alisema. "Kila mtu amesikia."

Mama alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Fundi akashona. Hakushona mshono wa kudumu. Alipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza nguo kwa muda, ile inayofumuka yote kwa kuvuta mara moja. Hakufunga fundo. Mwisho wa uzi aliupitisha upande wa ndani, akamwekea mama yake kiganjani na kumkunjia vidole.

Meneja alikuja kukagua, akalitazama pazia kwa mbali, akasema kazi safi. Akachukua kalamu.

"Jina lako, mama, nikuandike hapa. Matengenezo yote lazima yawe na jina."

Fundi alitaja jina la mama yake, na la babu yake, na la baba wa babu yake, polepole, herufi kwa herufi. Meneja aliyaandika yote matatu kwa mwandiko mzuri, na mbele yake akaongeza: fundi wa pazia.