Ngumi Maana Yake Tosha

Mdomo wangu haujawahi kujua likizo, na safari hii umemponza mtu aliyekuwa anautegemea. Nisiwazungushe. Mdogo wangu kafukuzwa kazi kwa sababu yangu, na nitaeleza nilivyofanya, halafu mniite mnavyotaka. Mwenyewe nimeshajiita yote.

Tulikuwa wanne katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine tatu, kila moja inameza kilo hamsini za shuka kwa mkupuo mmoja, na kelele zake ukienda nazo nyumbani unazikuta hadi kwenye mto. Mdogo wangu hazikumsumbua. Hasikii tangu alipougua akiwa na miaka minne. Anaongea kwa mikono, na kwa macho, na ukijifanya umefanya kazi wakati hujafanya anakukonyeza mpaka unaona haya. Mama yetu, Mungu amrehemu, wageni wakija alikuwa anamwonyesha chumba cha nyuma akakunje nguo. Akakunja nguo mpaka akafika miaka thelathini. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka kazini, nikamwambia msimamizi, mpe huyu mwezi mmoja tu, akishindwa utufukuze wote wawili.

Mwezi wenyewe haukuisha, akawa ameshaipata kazi. Pale maji ni shida, bomba linatoa siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki tunalitazama tangi. Kitabu cha mashine kinasema kila mkupuo usuuzwe mara nne, na kila msuuzo unakunywa lita mia tatu. Mdogo wangu akawa anakwenda kwenye kikoki kidogo chini ya mashine, anakinga maji ya msuuzo kiganjani, anayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Sabuni ikiwemo, kidole kinateleza. Ikiisha, kidole kinakwama. Akifungua kiganja, bado, suuza tena. Akifumba ngumi, tosha. Mara nyingi ngumi ilikuja kwenye msuuzo wa pili, zile shuka sugu kwenye wa tatu, wa nne tukausahau kabisa. Na maji ya msuuzo wa mwisho hatukuyaachia mtaro, tuliyavuta kwa pampu hadi kwenye pipa, yakaanza kufua mkupuo unaofuata. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tulikuwa tunayazoa kila siku, tena kwa pampu.

Wenzetu wakampa jina la Kipimo. Akalipenda jamani, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, akalidarizi kwa uzi mwekundu kwenye mfuko wa aproni. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikapinda kwenda juu.

Basi hospitali ikaletewa kipimo cha kweli. Kidude cha waya kinachotumbukizwa kwenye bomba la maji machafu, kinahisi kama sabuni ipo au haipo, kinasimamisha msuuzo chenyewe. Kikaja na fundi wake, mtu mzima mpole, makaratasi kwapani. Akatueleza kwamba kidude hicho kikija hakijui safi ni nini, lazima kifundishwe. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia.

"Fundi, usihangaike," nikamwambia. "Mkono wa mdogo wangu haujakosea hata siku moja. Kifundishe kwa huyo."

Nilivimba kichwa, sina la kujitetea. Nilitaka mtu mwenye makaratasi aone.

Tukapangana hivi. Fundi aliketi nyuma ya mashine, kwenye kioo cha kidude chake. Mdogo wangu alichuchumaa mbele, penye kikoki. Wao wawili hawakuonana, na hata wangeonana fundi asingejua ishara zetu zaidi ya mbili tatu. Mimi nilisimama pembeni, ninapowaona wote. Mdogo wangu anafumba ngumi, mimi napaza sauti, "Tosha," fundi anaandika na kusimamisha msuuzo. Kiganja wazi, "Bado," anaandika na kuongeza maji. Wiki nzima hivyo. Ijumaa fundi akaja kutupa mkono, akaniambia, "Mama, huyu mtu ni hazina." Nilimtafsiria mdogo wangu neno kwa neno, akacheka, akamwonyesha ule mfuko wa aproni.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi kuomba glavu. Akaniambia bila kificho, kwa sababu si mtu wa vificho. "Kile kikishajua kazi, mtu wa kupapasa maji hatakuwa na nafasi. Nimeambiwa nipunguze mmoja."

"Mweke kwenye pasi."

"Pasi wapo wawili na mmoja wao anasinzia. Nitamwondoa nani, shoga yangu? Wewe?"

Hata sikuweza kumtukana. Angekuwa mbaya ningepumua.

Nikarudi nikiwa nimeshapiga moyo konde. Nilijiambia, kidude kikifundishwa uongo kitafeli, kikifeli watarudi kwa mkono wenyewe wakiomba. Siku ile ile nikaanza. Mdogo wangu anafumba ngumi, mimi, "Bado." Anafungua kiganja, mimi, "Tosha." Si kila mara. Niliuchanganya na ukweli, maana uongo mtupu hauliwi na mtu. Mdogo wangu akaona mashine inajaza maji wakati ameshafumba ngumi, inasimama wakati kiganja kiko wazi. Akanigeukia, nyusi juu. Nikamwashiria, mashine ina hitilafu, fundi anajua. Akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye kikoki. Maisha yake yote mimi ndiye masikio yake, kwa nini asiamini?

Wiki mbili nilifanya hivyo. Na katika hesabu zangu zote nilisahau jambo ambalo hata anayeanza kazi leo analijua, kwamba shuka ikitoka kwetu inakwenda kulaliwa.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga aliingia asubuhi na shuka mkononi. Watoto sita, migongo imekuwa myekundu, wanalia usiku kucha. Msimamizi akatuita wote kwenye meza ya kukunjia. Fundi akafungua makaratasi yake taratibu, ungedhani anaaga maiti. Wiki ya kwanza, akasema, mkono na kidude vilikwenda sawa karibu mara zote. Wiki ya pili na ya tatu, mkono umepotea.

"Simlaumu," akasema. "Ngozi ikikaa miaka kwenye sabuni huchoka, haihisi tena. Nitayatupa ya wiki hizi mbili. Ya wiki ya kwanza yanatosha kukifundishia."

Yanatosha. Mnalisikia hilo? Uongo wangu wote ukaenda kwenye pipa la taka, na kidude kikabaki na wiki ile niliyosema kweli, mkono wa mdogo wangu ukiwa ndani yake, umekamilika, bila yeye.

Msimamizi akanitazama. "Mweleze."

Nikamweleza. Mikono yangu ilikuwa mizito, nikaeleza nusu nusu, kwamba shuka zimetoka na sabuni, kwamba watoto wamewashwa, kwamba kazi basi. Hakulia. Aliichukua shuka ya muuguzi, akaenda kwenye ndoo, akailowesha pembe moja, akaikamua kiganjani, akasugua vidole. Kisha akatugeukia akafungua kiganja. Akakiinua juu ili kila mtu akione. Halafu akaniashiria mimi, polepole, namna anavyofanya akitaka nitafsiri vizuri: hii sikuipitisha.

"Anasema nini?" msimamizi akauliza.

Watu watano wananingojea. Mdogo wangu ananitazama mdomo. Nilikuwa na neno moja la kusema, na kwa kulisema tungetoka wawili mle ndani, lakini yeye angetoka na jina lake. Nikafikiria kodi ya chumba chetu, nikafikiria wale watoto sita, nikaogopa.

"Anasema samahani," nikasema.

Muuguzi akalainika uso. Msimamizi akamshika bega. Fundi akainamisha kichwa kwa heshima. Mdogo wangu akawatazama mmoja mmoja wanavyomhurumia, kisha akanitazama mimi, na mkono wake bado ulikuwa wazi hewani.

Kesho yake niliyafanya yale niliyopaswa kuyafanya jana. Nilimkuta fundi akifunga begi lake, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa watu. Kisha akasema, "Sasa mama, nikuamini lini? Wiki ya kwanza, wiki ya pili, jana, au leo?" Nikaenda kwa msimamizi, naye akafunga mlango akanishauri nisirudie maneno hayo popote, nafasi yenyewe ilikuwa iondoke kwa vyovyote, na mimi ndiye ninayelisha nyumba. Nyuma ya mlango nilikuwa nasikia mashine. Zilisimama zenyewe kwenye msuuzo wa pili, pale pale ambapo yeye angefumba ngumi.

Jioni nilimkuta ameketi kitandani, aproni magotini, anafumua uzi mwekundu kwa ncha ya sindano. Alikuwa ameshafika kwenye M. Nikachutama mbele yake ili aione mikono yangu vizuri, nikaanza. Nikaashiria, shuka zile hukuzipitisha wewe. Nikaashiria, mimi ndiye niliye...

Akainua mkono wake, mkavu, umepasuka pasuka kwa sabuni, akaufumba mbele ya uso wangu. Akaushikilia hapo mpaka mikono yangu ikashuka. Kisha akaokota sindano akaendelea na ile herufi iliyopinda.