Makeke Alisaini Jumanne

Saa mbili kasorobo asubuhi, mtunzi wa vichekesho alikuwa ameketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, akimwuliza mwanasesere wa mitambo kama amelala salama. Mwanasesere alikuwa na kichwa cha mpira, masharubu ya brashi na kiwiliwili kilichoishia kiunoni, na nyaya zake zilipita chini ya kaunta hadi kwenye kompyuta ya fundi. Alipewa jina la Makeke. Kazi yake ingekuwa kupokea watoto kwenye jumba la michezo, kuwajibu maswali na kuwavunja mbavu.

"Nimelala wima," Makeke alijibu. "Wewe je? Maana naona shuka limekuachia alama usoni."

Fundi aliguna kwa kuridhika. Hayo waliyaandaa wao.

Mtunzi alifanya kazi kwa daftari. Kila mhusika alimpa kurasa tatu: anachokipenda, anachokiogopa, na anachokitaka asikipate. Huo wa tatu ndio uliokuwa na kazi, kwani mcheshi asiyetaka kitu ni kelele tu. Makeke alipenda mifagio mirefu na kuogopa chafya. Akiulizwa miguu yake iko wapi, alisema imebaki nyumbani inafua. Ukurasa wa tatu ulikuwa bado mtupu, na jumba lilikuwa linafunguliwa Jumamosi.

Kuna jambo ambalo mtunzi hakumwambia meneja, na meneja hakuuliza. Mwaka uliotangulia, jumba likiwa bado linajengwa, kaka yake mtunzi, fundi umeme, alianguka Jumanne moja kutoka kwenye dari ya ukumbi huohuo akafa. Kampuni yenye jumba ilisema hakuwa kazini siku hiyo. Ilidai aliingia kwa mlango wa nyuma kuiba nyaya. Kitabu cha mahudhurio kilitolewa kama ushahidi, na kweli, ukurasa wa Jumanne ile haukuwamo. Tangu hapo mama yao hakwenda tena kwenye harusi wala msiba wa mtu. Alitaka kitu kimoja tu, mtu wa kampuni atamke kwamba mwanawe hakuwa mwizi. Mtunzi aliomba kazi ile ili autafute ukurasa huo. Alipekua kila kabati, akaambulia patupu, akabaki na vichekesho.

Alhamisi fundi alimpigia simu.

"Dada, rafiki yako anasema maneno ambayo hatukumwekea."

"Maneno gani?"

"Anasema, 'Jumanne nilisaini. Saa moja na nusu. Kalamu yangu iliisha wino, nikaazima.' Nimekagua mafaili yote, hayamo."

"Anayasema vizuri?"

"Vizuri sana. Mfagiaji kacheka mpaka kakaa chini."

Mtunzi alikwenda. Makeke alikuwa anajikuna nyusi kwa kidole gumba, ingawa mkono ule uliwekewa mota ya kupanda na kushuka basi. Kaka yake alijikuna hivyo tangu utotoni. Chini ya kucha za mpira mlikuwa na vumbi la saruji. Mtunzi alilipangusa kwa kitambaa kibichi, kidole baada ya kidole. Alijikaza kisabuni, akafungua daftari, akaandika kwenye ukurasa wa tatu: Anataka wakiri kwamba alisaini.

Jumamosi watoto walijaa pomoni.

"Una miaka mingapi?" aliuliza mmoja.

"Mwili wiki tatu, mgongo arobaini. Na Jumanne nilisaini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wiki haikwisha, watoto wakawa wanamwitikia kwa pamoja, "Ulisaini!" Meneja akayachapisha maneno hayo kwenye fulana.

Hapo mtunzi alimfuata ofisini, akamweleza yeye ni dada wa nani, na anayesema pale kaunta ni nani. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mezani.

"Pole sana," alisema. "Sibishi kwamba ni yeye. Sauti naijua, na kalamu aliyoazima ilikuwa yangu."

"Basi njoo umwambie mama."

"Nikamwambie nini, dada yangu? Kwenye kitabu hayumo. Mimi nafuata kitabu."

Kesho yake mama alikuja mwenyewe. Alipanga foleni na watoto mpaka zamu yake ikafika.

"Mwanangu, umekula?"

"Mama, tumbo lenyewe wamelijaza betri." Watu wakacheka. Makeke akajikuna nyusi. "Nilisaini, mama."

"Najua, baba."

Watu wakacheka zaidi. Kuanzia siku hiyo mama alikuja kila asubuhi, na fundi akamtengea kiti.

Mwezi wa nne, fomu za maoni zikaonyesha kwamba kichekesho cha kusaini kimechuja. Meneja akaagiza kiondolewe. Fundi alishindwa kuondoa kisichokuwamo, kwa hiyo alifunga kifaa cha kukata sauti kila maneno yale yanapokaribia. Mtunzi aliandikiwa barua ampe Makeke kitu kingine cha kutaka. Alimpa kutaka baiskeli, na watoto waliipenda sana.

Midomo ya mpira haikuacha kusema. Mama alisogeza kiti hadi kwenye kaunta, akawa anaitazama midomo hiyo, na kila ilipofika kwenye maneno yale alijibu kwa sauti ya kawaida, "Ulisaini." Wageni walidhani anajisemea, wakamwomba kwa adabu asogee kidogo wapige picha.