Ubeti wa Pili

Merv alikwenda gereji kwa Noelene kusema hapana, na hapana yenyewe alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima kutoka Maitland. Mabati, bendi ya roki aliyoiimbia ujanani, ilikuwa inatoa albamu ya nyimbo za jukwaani, tangu enzi zake hadi mwaka jana. Bila ridhaa yake wimbo wao mkuu, ule uliorekodiwa mwaka 1981, usingeingia. Siku hiyo, katika baa ya wafanyakazi wa chuma pale Newcastle, alisahau ubeti wa pili wote. Akabaki mdomo wazi, watu wakauimba wenyewe. Aibu ile haikuwahi kumtoka.

"Kaa ule pai, mzee," alisema Noelene, mpiga besi, mwanamke asiyejua kubembeleza. "Sikiliza kwanza, ukatae ukiwa umeshiba."

Akaweka ule wa 1981. Merv aliinamia pai lake, masikio yanamwaka moto. Ukafuata wimbo uleule wa mwaka 1996, Keiran akiwa ameshika nafasi yake. Ubeti wa pili ulipofika Keiran alinyamaza, baa nzima ikapokea. Wa mwaka jana ulikuwa vilevile, ila sauti zilikuwa nyingi zaidi, na nyingine za vijana kabisa.

Merv akamgeukia Keiran, aliyekuwa amekalia spika. "Mbona huimbi, wewe? Unanikejeli?"

"Nikukejeli kwa lipi, mzee wangu? Ubeti huo ni wa watu. Si wewe uliyewaachia? Mimi hata maneno yake siyajui."

"Miaka yote hiyo?"

"Sijauimba hata bafuni."

Noelene alicheka hadi akajishika mbavu. Merv hakucheka. Alijikuta anampenda huyu mrithi wake, mvi zake na uvivu wake wote, na kumdanganya kukamshinda.

"Sikuwaachia kitu," alisema. "Nilisahau."

Keiran akashuka kwenye spika. Noelene akafuta machozi ya kicheko.

"Sisi tuliokuwapo tunajua, mjinga wewe. Baa nzima ilijua. Ulidhani waliimba kwa nini?"

Merv aliweka pai chini. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa anazisikia sauti zile kama za watu wanaomcheka.

"Hebu rudisha ule wa kwanza," alisema.

Safari hii aliusikiliza kichwa juu. Ubeti wa pili ulipokwisha alikuwa analia waziwazi, wala hakujali.

"Uwekeni," alisema. "Ila wao wasikike kuliko mimi."